Gari kizee, bei ya kigoli

Msomaji wangu, kuna ugonjwa mmoja unawapata wanaume wakishavuka miaka 45, na mpaka leo haujapatiwa chanjo. Dalili zake ni hizi: mgonjwa anakesha na simu mkononi, anacheka peke yake, na mkewe akipita anaigeuza simu kifudifudi. Mkidhani ni nyumba ndogo mtakuwa mnamwonea. Jamaa anaangalia picha za magari.

Mdogo wangu wa tumbo moja, anayeishi Michigan kule Marekani, aliupata ugonjwa huo akiwa na miaka 47. Yeye anafanya kazi ghalani, mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, wana watoto wawili. Agosti 2024 nilikwenda kuwasalimia. Pale uwanja wa ndege wa Detroit alinipokea shemeji peke yake, na hata mkanda wa gari sijafunga akanianza.

"Shemeji, Mungu kakuleta. Mdogo wako anataka kununua gari la mwaka 1966."

Nikacheka. Nikamwambia gari la mwaka huo kwetu Gerezani linauzwa kwa kilo.

"Dola elfu thelathini," akasema.

Nikaacha kucheka.

"Wewe ndiye mkubwa wake," akaendelea. "Kesho kutwa tunakwenda kuliona. Twende wote, ukamwambie. Mimi nikisema naambiwa sina hisia na mambo ya chuma."

Nikakubali. Kumbukeni hapo, ndugu zangu: nilitumwa kuzima moto.

Usiku ule shemeji alipokwenda kazini, mdogo wangu akanifungulia moyo, na simu pia. Tangazo lilikuwa fupi. Nalitafsiri kwa faida yenu: "Inauzwa Pontiac GTO ya 1966, milango miwili, nyekundu, injini V8 ya 389, gia nne za mkono. Imefufuliwa yote, kuanzia fremu hadi paa. Mwenye gari ni mmoja tangu 1989. Dola 52,000. Wababaishaji wasipige simu."

Nikasoma mara mbili. "Mbona shemeji kaniambia thelathini?"

Akakuna kichwa. "Braza, kuna mambo huwezi kumwambia mwanamke kwa mkupuo mmoja. Thelathini tunazo kwenye akiba yetu ya pamoja. Hizo ishirini na mbili nitajua mwenyewe."

"Utajua wapi?"

Akaangalia dari. Nikajua palepale. Kuna nyumba ya mama pale Kibaha, tuliianza mwaka 2021, ikafika lenta, ikasimama. Mdogo wangu ndiye mwenye mfuko wa ile nyumba, mimi ndiye msimamizi wa mafundi. Kila nikienda kumwona mama namwambia bati ziko njiani. Kumbe bati zinataka kugeuka kuwa Pontiac! Kwa hesabu za Agosti ile, dola 52,000 ni zaidi ya shilingi milioni 140 za Kitanzania. Kwa gari la miaka 58, lenye usukani kushoto, ambalo hata ukilileta huku utaendesha ukiwa upande wa mtaro.

Nilipaswa kuwaka. Badala yake nikafanya kosa. Nikamuuliza, "Hivi hilo gari lina nini hasa?"

Weee! Tulilala saa nane.

Alichonieleza ni hiki, na baadaye nimekipekua mwenyewe nikaona hakunidanganya. Mwanzoni mwa 1963 wakubwa wa General Motors walipiga marufuku viwanda vyao kujiingiza kwenye mashindano ya magari. Tena walikuwa na amri yao ya ndani: gari la umbo la kati lisiwekewe injini ya zaidi ya inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4 hivi. Sasa pale Pontiac kulikuwa na mhandisi mkuu, John DeLorean. Yeye na wenzake, Bill Collins na Russ Gee, wakabaini kwamba injini kubwa ya 389, iliyokuwa ikiwekwa kwenye magari makubwa ya Pontiac, inaingia bila taabu kwenye gari la kati lililoitwa Tempest. Kwa nje injini ile na mdogo wake ya 326 zilikuwa umbo moja.

Amri je? Wakaisoma kama wakili mzoefu wa pale Kisutu. Amri ilizungumzia modeli ya gari, haikuzungumzia vikorombwezo anavyoagiza mteja. Basi wakaiuza injini ya 389 kama kikorombwezo cha hiari kwenye Tempest LeMans, kwa bei ya chini kidogo ya dola 300. Jina wakaazima kwa Ferrari bila kupiga hodi: GTO. Mkuu wa mauzo, Frank Bridge, hakuamini kama litatoka, akakubali magari 5,000 tu yatengenezwe. Mwaka ule wa kwanza wa 1964 yakauzwa 32,450. Mwaka 1966 yakauzwa 96,946, na idadi hiyo GTO haikuifikia tena.

Hapo kila kampuni ikaingia ulingoni. Chevrolet na Chevelle SS yake, Dodge na Charger, Plymouth na Road Runner, na ile injini yao ya Hemi ya lita 7. Wamarekani wakayaita magari ya misuli. Maana yake ni rahisi: chukua gari la kawaida la kijana wa kawaida, lipachike moyo wa gari kubwa, bei iwe ya mshahara wake. Kijana wa kiwandani akawa anamwacha bosi kwenye taa.

Raha haikudumu. Kampuni za bima zikaanza kuwakamua vijana, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikaja na masharti yake, na Oktoba 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta. Gari linalokwenda kilometa nne au tano kwa lita likageuka mzigo. GTO ya ukoo ule ikafia mwaka 1974, na Pontiac yenyewe General Motors wakaizika mwaka 2010. Lakini wale vijana walioshindwa kuinunua mwaka 1966 kwa kukosa pesa, walipopata pensheni wakarudi kuitafuta. Ndipo bei zikapanda.

"Braza," mdogo wangu akamalizia, macho yanang'aa kama mtoto wa Idi, "hili si gari. Ni historia."

Na mimi, msomaji wangu, niliyetumwa kuzima moto, nikajikuta nauliza kama zile ishirini na mbili muuzaji anaweza kuzipokea kwa awamu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, akanipeleka Woodward Avenue kunimaliza kabisa. Hiyo ni barabara inayotoka Detroit hadi mji wenyewe wa Pontiac. Mwaka 1909 kipande cha maili moja ya barabara hiyo kilimwagwa zege, jambo geni kabisa kwa barabara za Marekani wakati ule. Miaka ya 60 vijana walikuwa wakishindana pale usiku, kutoka taa hadi taa, na wahandisi wa viwandani wakijichanganya nao kimyakimya kujaribu mitambo yao. Tangu 1995 kila Agosti magari ya zamani yanatolewa kutoka Ferndale hadi Pontiac, umbali wa kilometa 25 hivi, na waandaaji wanasema watu wanafika milioni. Wazee wanakaa na viti vyao vya kukunja kando ya barabara, wanatazama ujana wao ukipita.

Na sauti ile! Si kelele ya eksozi iliyotoboka kama ya yale mabasi yetu ya zamani. Ni ngurumo ya chini inayoanzia nyayoni. Nikavinunua viti viwili vya kukunja kwa hiari yangu mwenyewe.

Jumapili mchana tukaenda kwa mwenye gari, watatu sisi, shemeji hajalala tangu zamu. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu wa miaka 79, postimasta mstaafu, mpole, mkono wake mmoja unatetemeka. Mkewe alifariki miaka miwili kabla, na sasa anahamia nyumba ndogo karibu na binti yake. Nyumba hiyo haina gereji, ndiyo maana anauza.

Akafungua mlango wa gereji. Ndugu zangu, niseme nini? Nyekundu ile ilikuwa unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Taa za mbele mbili mbili zimepangwa wima, boneti ina pua ya kuvutia hewa, bamba za kromu zinawaka kama mabati ya siku ya kwanza. Kwenye kioo cha mbele amebandika boksi limeandikwa kwa kalamu nene: GTO 1966, $52,000.

Nilimwona shemeji analisoma lile boksi. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akarudi kwenye boksi. Hakusema neno. Mdogo wangu alikuwa ameshapiga magoti kwenye tairi hana habari.

Mzee akatueleza kazi aliyofanya. Alilinunua mwaka 1989 likiwa limeoza sakafu, akalivua lote mpaka fremu ikabaki tupu. Akachomelea sakafu mpya, akabadilisha mabomba ya breki, akapeleka bamba kuchovywa kromu upya, viti akashonesha kwa fundi. Miaka sita, kila jioni baada ya kazi. Picha zote anazo kwenye albamu. Anayajua makosa ya gari lake na akayasema mwenyewe: breki ni za dramu zote nne, ukitaka kusimama anza kufikiria mapema, na kabureta inataka kubembelezwa wakati wa baridi.

Shemeji akauliza kwa upole kama anaweza kupima bodi. Akatoa kwenye mkoba sumaku ndogo imeviringishwa kitambaa. Mimi nikashangaa. Kumbe kazini kwao kuna mwenzake wa zamu ambaye mumewe ni fundi bodi, na usiku ule sisi tunapigana stori za DeLorean, yeye alikuwa akipewa darasa kwa simu. Sumaku inashika chuma, haishiki puti. Fundi mjanja anajaza puti juu ya kutu, anapiga rangi, unanunua keki. Pa kupima ni juu ya matao ya matairi ya nyuma, chini ya milango, na sakafu ya buti.

Akapita nayo taratibu, kama anatafuta mshipa wa mtoto. Ikashika kote, isipokuwa sehemu ya kiganja kimoja nyuma ya tairi la kushoto. Mzee akacheka, akasema pale aligonga nguzo ya sanduku la barua mwaka 2003, yeye, mtu wa posta! Tukacheka wote. Mdogo wangu akanikonyeza: umeona, braza, safi.

"Naomba sasa nisome namba," shemeji akasema.

Kwa magari ya General Motors ya mwaka ule namba ya gari iko kwenye kibati kidogo, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pale penye bawaba. Shemeji akafungua mlango, akainama, akawasha tochi ya simu. Muuguzi haombi ruhusa ya kusoma namba. Kila siku kabla ya kumchoma mtu sindano anasoma kwanza mkanda wa mkononi, hata kama mgonjwa anamjua mwaka mzima.

Akasoma kwa sauti: "Mbili, tatu, saba..."

Akanyamaza. Akasoma tena kimoyomoyo. Akasimama.

Hapa niwaeleze. Mwaka 1964 na 1965 GTO ilikuwa bado ni kikorombwezo cha LeMans, kwa hiyo namba ya gari haikuambii kitu. Inabidi uagize kumbukumbu za kiwandani, na kwa bahati nzuri wapo Pontiac Historic Services wanaozitoa. Lakini mwaka 1966 GTO ikapewa ukoo wake. Namba ina herufi na tarakimu 13, na tatu za mwanzo ndizo ukoo. GTO inaanza na 242. Hiyo 237 ni LeMans. Na LeMans ya mwaka ule ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita au V8 ya 326, haikutoka na 389.

Kwa lugha nyepesi: gari halikuwa GTO. Ilikuwa LeMans iliyovishwa nguo za GTO. Injini ya 389 ilitoka kwenye Pontiac kubwa, boneti ya kwingine, nembo za kununua. Gari zuri, chuma kizuri, kazi nzuri. Ila jina si lake, na kwenye soko la magari haya jina lina bei kuliko chuma.

Mdogo wangu akasema labda kibati kimebadilishwa. Akasema labda kiwandani walikosea, ilikuwa Ijumaa jioni. Mtu aliyependa ni wakili mbaya sana.

Mzee hakusema kitu. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha mbao pale gerejini. Mkono ule unaotetemeka akaushika kwa mwingine.

"Wewe ni mtu wa kwanza kusoma kibati kile kwa sauti," akamwambia shemeji.

Nilitegemea shemeji atamvaa. Wauguzi wa zamu ya usiku wana ulimi. Lakini alikwenda kwenye gari letu akaleta chupa ya maji, akampa mzee, akavuta ndoo akaketi mbele yake, akangoja.

Mzee akaeleza. Aliyemwuzia mwaka 1989 alimwambia ni GTO, naye akaamini. Mwaka 1991, gari likiwa limevuliwa lote, akasafisha kile kibati, akakisoma, akaujua ukweli. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo mkewe alikuwa ameuza piano aliyoachiwa na mama yake ili injini itengenezwe. Aliiuza bila kuombwa, kumfurahisha mumewe.

"Alikuwa anawaambia watu kanisani, mume wangu anafufua GTO," mzee akasema. "Ningemwambiaje kwamba piano imekwenda kwenye LeMans?"

Basi akanyamaza. Akanunua nembo. Uongo wa mwaka mmoja ukawa wa kumi, ukawa wa thelathini. Akawa anakwenda nalo Woodward, watu wanampigia makofi, mkewe pembeni anatabasamu. Mkewe akafa hajui. Na alipoandika tangazo, mkono wenyewe ukaandika GTO. "Nilishazoea," akasema.

Gereji ilikuwa kimya. Nikakumbuka kitu alichonisimulia mdogo wangu ule usiku akidhani ni kichekesho. Jarida la Car and Driver, toleo la Machi 1964, lilisifu GTO kwa mwendo wa ajabu, na sifa ile ikaliuza gari Marekani nzima. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, bingwa wa matangazo ya Pontiac, akakiri kwamba gari walilolipeleka kwa waandishi wale lilikuwa limefichwa injini kubwa zaidi, ya inchi 421. Na nembo ya ubavuni inasema lita 6.5, wakati ukipiga hesabu ya inchi 389 unapata lita 6.4 hazifiki. Kwa hiyo hata GTO halali ina vijiuongo vyake. Nilitaka kumwambia mzee hayo nimpoze, nikaona si mahali pake. Yeye hakuwa anauza matangazo, alikuwa anamficha marehemu.

Mzee akainuka. Akachukua kalamu nene, akabandua boksi kwenye kioo, akaligeuza upande wa pili. Akaandika: "LeMans 1966, imevishwa GTO. $31,000." Mkono unatetemeka, herufi zimepinda, lakini zinasomeka. Akalibandika.

"Hii ndiyo bei yake," akasema.

Na hapo, msomaji wangu, mdogo wangu akafanya kosa la mwaka. Akanigeukia uso umejaa furaha, akaniambia kwa Kiswahili, "Braza, mambo si yamejipa! Thelathini na moja!"

Shemeji alikuwa nyuma yake.

"Umefurahi nini?" akamuuliza. "Si uliniambia tangu mwanzo ni elfu thelathini? Kwa hesabu yako imepanda."

Tukaaga. Mzee akatushika mikono wote, ya shemeji akaishika muda mrefu.

Njiani hakuna aliyeongea kilometa tano nzima. Kisha shemeji, macho yake barabarani, akasema, "Ishirini na mbili zilikuwa zitoke wapi?"

Mdogo wangu akajaribu kusema bonasi. Akajaribu kusema zamu za ziada. Akachoka. Akasema, "Kwenye nyumba ya mama."

"Na wewe shemeji ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kunitetea kwa macho kupitia kile kioo cha ndani. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona mzee wa miaka 79 amekaa kwenye kiti cha mbao.

"Nilijua tangu Ijumaa usiku," nikasema. "Na nilikuwa nimeanza kukubali."

Nilitegemea kelele. Shemeji akasimamisha gari kituo cha mafuta, akazima injini, akalia. Si sana, kidogo tu, ya mtu aliyekosa usingizi. Akasema yeye hakukasirikia gari. Mume akimwambia kuna gari nalipenda, ni ghali, tutafute namna, angekaa naye wakapiga hesabu, hata ikichukua miaka kumi. Alichokasirikia ni kwamba alisoma bei ya mumewe kwenye boksi la mtu mwingine.

"Kuna siku na mimi ningeuza piano yangu," akasema, "nisijue inakwenda wapi."

Mdogo wangu hakujibu. Usiku ule alikaa na mkewe mezani na daftari, wakaandika kila senti iliyoko na kila iliyofichwa. Mimi nikajifungia chumbani na viti vyangu viwili vya kukunja. Kesho yake ishirini na mbili zikatumwa Kibaha zote.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtu asinunue gari la zamani. Anayetaka na anunue, huko Marekani au popote. Ila afanye kama shemeji: asome namba kabla ya kuangalia rangi, apitishe sumaku, adai karatasi, na aulize gari limevuliwa lini na nani, aone na picha. Aliyefanya kazi kwa mikono yake atakuonyesha hata kidonda kidogo bila kuulizwa, kama mzee alivyotuonyesha lile la sanduku la barua. Na LeMans iliyovishwa GTO si dhambi. Wapo wanaoitafuta hiyohiyo makusudi, maana inanguruma vilevile na haivunji benki. Dhambi ni kuilipia bei ya jina. Na kabla hujampigia muuzaji, mwambie wa nyumbani kwako bei kamili, si nusu ya bei.

Oktoba ile mzee alimpigia simu shemeji. Gari limepata wenyewe, mume na mke vijana wa mtaa wa pili. Walipofika tu, kabla hawajaligusa, yeye mwenyewe aliwafungulia mlango wa dereva akawasomea kibati. Wakasema wao wanataka kumpeleka mtoto shule nalo, ukoo wake si shida. Akawauzia, akawapa na ile albamu ya picha.

Nyumba ya mama nayo ilipauliwa Januari 2025. Kenchi, bati, mpaka gata. Kila kitu nilisimamia mimi, isipokuwa jambo moja: mdogo wangu aliomba yeye achague rangi ya bati. Nikaona si neno, haki yake. Mzigo ulipofika nikaufungua, nikabaki nimeshika kiuno. Nyekundu ileile, inang'aa unaweza kunyolea ndevu.

Ukitoka Mlandizi kuja mjini unaiona nyumba ile kabla hujaiona Kibaha yenyewe. Mama anasema majirani wanamuuliza kama ni kanisa jipya. Nimemwambia awajibu kwamba ni Pontiac.

Wiki ijayo tukijaaliwa.